Siku Niliyompikia Mama Joto la Mombasa

Ningekuwa na haya za kutosha nisingewasimulia hili, lakini ploti yetu nzima, ghorofa zote za wapangaji hapa Huruma, Nairobi, inalijua tayari, na kinyozi wa chini hadi leo akiniona hushika kichwa, kwa hivyo afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi huwa na hamu na mama yangu. Mtu mzima wa miaka arobaini, nina kazi yangu, watoto wako shuleni bodingi, lakini jioni nikifungua mlango natamani nimkute mle ndani aniulize nimekula nini. Yeye yuko Mombasa. Mwaka jana alikuja Julai, akakaa siku tatu amejifunika blanketi juu ya buibui, ya nne akapanda basi akarudi kwake, nami nikasema basi, baridi ya Nairobi imeninyang'anya mama.

Mwaka huu aliposema anakuja tena nikanunua hita mbili za stima, kisha nikaenda kutafuta themostati, kile kidude cha ukutani kinachoziwasha na kuzizima kulingana na joto la chumba. Muuzaji akaniwekea viwili mezani. "Dada, chukua hiki cha kuzungusha kwa mkono, hakina maneno." Lakini kile kingine kilikuwa na kioo kinachong'aa na unakipangia saa za kuwasha, na mimi (mnanijua na vitu vya kung'aa) nikamwona mama akiingia na kulakiwa na joto la kwao. Nikachukua hicho. Fundi alipokifunga akataka kunionyesha kupanga saa, nikamwambia aende tu, nimesoma.

Mama angefika saa nane mchana. Nikabonyeza nane, nikapandisha joto hadi mwisho, na asubuhi na mapema nikafunga madirisha yote nikaenda kazini, halafu moja kwa moja kumpokea. Kumbe kidude hakijui saa zetu! Nane yake ni saa mbili asubuhi.

Tukafika, nikafungua mlango, jirani yangu Mama Nekesa na wanawake wenzake wakiwa nyuma yetu kumkaribisha mgeni. Joto likatupiga usoni. Krimu ya keki niliyomwandalia mama ilikuwa imeteremka mezani hadi kwenye zulia.

"Rehema," mama akasema, "waoka mikate humu?"

Kwa kuchanganyikiwa nikaona dawa ni chai, nikachomeka birika la stima bila kuzima hita. Paa! Ploti nzima ikakosa stima. Kelele zikapanda kutoka kila ghorofa, kisha kinyozi akaja mbio na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu.

"Nani amefanya hivi?" mteja akalia. "Saa kumi napeleka mahari! Wakwe wanione hivi?"

"Ni Rehema!" Mama Nekesa akajibu (huyu hajawahi kuficha kitu). "Anamchemsha mamake!"

Watu wakacheka hadi wakashika kuta. Mimi nilitaka kulia. Lakini mama alivua buibui, akaomba mkasi, akamketisha yule bwana kwenye korido na kumpunguza nywele taratibu, huku akisimulia alivyowanyoa kaka zake sita, na Mama Nekesa akaleta chai ya jiko la gesi, na majirani wakazidi kujaa. Sijawahi kumwona mama na furaha kama ile katika mji huu.

Walipotawanyika nikamwomba radhi. "Mama, nilitaka usisikie baridi, ili ukae."

Akanitazama. "Nani alikwambia niliondoka kwa baridi? Watoka alfajiri, warudi nimelala. Siku tatu nimezungumza na ukuta. Kuta hata kwangu ninazo, mwanangu."

Kesho yake nikaomba likizo, akakaa wiki mbili, na siku alipoondoka tulilia sote wawili. Nimeapa: sitanunua tena kitu cha kumkalisha mama mahali ambapo mimi mwenyewe sipo.