Sababu ya Lafta Kusali Stoo

Mume wangu Lafta aliona heri aitwe asiyesali kuliko aitwe mwenye makamasi. Mimi ndiye niliyeishi naye, kwa hiyo habari za ukaidi msinifundishe.

Miaka yote anachoma matofali kwenye tanuri nje ya mji wetu wa Amara. Moshi wa mafuta machafu unampiga usoni, na akitoka hapo anawasha sigara. Pua imeziba, uso unauma, harufu hasikii. Mchuzi uungue mbele yake, hana habari. Lakini akiinama tu, pua inafunguka kama bomba. Siku moja msikitini alisujudu akailowesha turba, kile kibonge cha udongo wa Karbala tunachowekea paji la uso. Akakirudisha kimyakimya kwenye sanduku la turba za wote. Aliyefuata akakiokota, akauliza mbele ya watu, "Nani kaacha uchafu huu hapa?" Lafta akatazama ukuta. Tangu hapo akawa anasali stoo, kajifungia, na hata mimi hakuniambia kwa nini. Mtaa ukasema kaacha dini.

Basi akaja Haji Shinawa kumposea mwanawe binti yetu Rababu, ambaye kwa kumpenda kijana yule hata chakula kilikuwa hakishuki. Haji akapewa kahawa, akaiweka chini, maana kwetu mposaji hanywi mpaka haja yake ijibiwe. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia.

"Abu Rababu," Haji akamwanza baba wa binti, "nasikia huonekani msikitini. Kweli?"

"Kweli."

"Unaumwa?"

Sema ndiyo, baba wewe, moyo wangu ulimwomba.

"Siumwi."

Haji akasimama. "Basi tusamehe. Nyumba isiyosali, mwanangu haoi." Kahawa ikabaki imejaa. Rababu akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nilimvaa Lafta kwa maneno ambayo mke hamwambii mumewe, ndipo akanieleza, kainamisha uso, machozi na makamasi pamoja. Zikapita wiki mbili akikataa, ndipo nikamburuta kwa daktari, mama mmoja asiye na mchezo. Alichungulia puani, akasema vijishimo vya ndani ya mifupa ya uso vimevimba, na vikipita miezi mitatu hivyo, ugonjwa ni sugu.

"Unajiona uko peke yako?" akamuuliza. "Katika watu wazima kumi, pengine mmoja anao. Vumbi letu hili, moshi, sigara, mzio, vinyama puani. Kila mtu anajificha na leso yake."

Akamwandikia dawa ya kupuliza na maji ya chumvi ya kusafishia pua, akampiga marufuku sigara.

Tulipotoka, aliyekuwa akingoja zamu mlangoni, leso puani, ni Haji Shinawa. Aliificha haraka kwenye mkono wa kanzu, lakini tulishaiona.

"Haji," nikasema, maana ulimi wangu haujui kutulia, "na wewe unasali wapi siku hizi?"

Akatazama sakafu. "Nyumbani, Umm Rababu. Watu nimewaambia ni magoti."

"Basi rudi nyumbani kwangu," Lafta akasema, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Tukupikie kahawa nyingine."

Jina la Haji likaitwa. "Kijana tulimfungisha ndoa jana," akasema. "Na binti wa ndugu yangu."

Akapita katikati yetu kuingia ndani, na wanaume wale wawili walishindwa kutazamana.

Tulipofika nyumbani, Rababu aliuliza daktari kasema nini. Lafta akamjibu kwamba ni ugonjwa wa kawaida tu, watu wengi wanao.