Tundu la Mkebe wa Mama Nekesa

Mimi ni bwana shamba huku Bukhayo, kazi niliyoachiwa na Mzungu baada ya Uhuru, na nilijivuna kupita kiasi. Mwezi jana nilimtobolea mjane mmoja, Mama Nekesa, mkebe wa kunyweshea vifaranga. Unajazwa maji, unafunikwa sahani, unapinduliwa; maji yanatoka tunduni mpaka yalifunike tundu, kisha yanakoma, na banda linabaki kavu. Vifaranga wake wote wakafa kwa unyevu. Juzi barazani, mbele ya wanakijiji, nikamkemea: "Mama, huo ni uchafu wako!"

Akaujaza ule mkebe, akaupindua mezani pangu. Maji yakafurika sahani, yakalowesha karatasi zangu, wala hayakukoma.

"Bwana Shamba," akasema, "tundu ulilitoboa juu kuliko ukingo wa sahani."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.