Jogoo Niliyemchinja Mwenyewe

Katika jumuiya yetu ya Kilole, Jumapili ya tatu ya Majilio, majuma yale ya kungojea Krismasi, tunawasha mshumaa wa furaha. Shada letu la mishumaa si la majani. Mama mmoja aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge za Ngombezi alilisuka kwa katani, na kila mwaka tunamwambia litashika moto, naye kila mwaka anatuambia tuache woga. Mshumaa ukishawaka, kila mtu anataja kwa sauti nyumba moja atakayoipelekea furaha wiki hiyo. Ukishataja umetaja, kwa maana Jumapili ya nne utaulizwa.

Mimi nilikuwa nimejichagulia nyumba rahisi, ya bibi mmoja mjane wa mtaa wa pili, anayependa maandazi yangu na asiye na maswali mengi. Jirani yangu akamtaja kabla zamu haijanifikia. Nilikasirika kana kwamba ameniibia kuku. Wote wakanigeukia wakisubiri, na mdomo wangu, ambao umeshaniponza mara nyingi, ukasema, "Kwa mdogo wangu, Handeni."

Kila aliyekuwepo alijua kwamba mimi na mdogo wangu hatutembeleani.

Kosa lilikuwa langu. Miaka tisa iliyopita aliolewa na Mwislamu wa Handeni, naye akasilimu. Huyo binti nilimlea mimi kule Dindira, mama akiwa shambani anachuma chai. Mimi ndiye niliyemfundisha sala ya jioni, kwa hiyo habari ile niliipokea kama kofi. Siku ya harusi nilituma ujumbe kwamba nina homa. Sikuwa na homa. Nilishinda uani nafua mashuka yaliyokuwa safi, watu wakapita wakaniona, na habari ikamfikia kabla pilau haijaisha. Tangu hapo tukawa watu wa kukutana misibani.

Mwaka huu msiba ulikuwa wa mama. Tulizika, tukapeana pole kama wageni, yeye akapanda gari akarudi kwake. Nilibaki na kanga za marehemu mikononi nikaelewa kwamba nikimpoteza na huyu, hakuna tena duniani mtu anayekumbuka nilivyokuwa mtoto. Nilitaka aje kwangu Krismasi. Nilitaka hilo tu, na niliogopa kuliomba.

Alhamisi niliamka alfajiri, nikamkamata jogoo wangu mkubwa, nikamchinja. Nikamnyonyoa, nikamkaanga, nikamuunga kwa nazi, nikamtia kwenye hotpoti na kuifunga kwa kitenge. Nilifika stendi basi la Handeni likiwa limeshawashwa, nikajisifu moyoni kwa uhodari wangu.

Nilimkuta uani anamimina maji ya madumu kwenye pipa. Aliniona, lakini hakuweka dumu chini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukusalimia tu."

Hapo ndipo alipoweka dumu chini. Akamwita binti yake wa miaka minane, ambaye nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, makaburini. "Msalimie mama yako mkubwa," akamwambia. Mtoto akanishika mkono, akanipa shikamoo yake kwa adabu hadi nikaona aibu.

Shemeji yangu alirudi kutoka dukani kwake saa saba. Ni mtu mpole, wa maneno machache. Mkeka ukatandikwa, maji ya kunawa yakaletwa, na mdogo wangu akafungua hotpoti yangu. Harufu ya nazi ikajaa chumbani. Akachukua upawa, kisha akauliza kama mtu anayeuliza chumvi ilipo, "Huyu jogoo amechinjwa na nani?"

Huku kwetu hakuna asiyejua utaratibu: ukitaka chakula chako kiliwe na kila mtu, unamwita jirani Mwislamu achinje, la sivyo kwa Waislamu nyama hiyo ni kibudu. Hata kipaimara cha mwanangu, mbuzi alichinjwa na mzee wa nyumba ya nyuma, na mdogo wangu anamfahamu vizuri mzee huyo. Ningeweza kumtaja. Wangekula, wangenisifu, na pale Handeni hakuna ambaye angejua. Lakini kwa mtu huyuhuyu nilishatuma homa ya uongo, na tumbo langu lilikataa kubeba uongo wa pili.

"Nimechinja mimi," nikasema.

Aliurudisha mfuniko polepole. Mtoto akawa anatutazama kwa zamu.

"Sikukusudia kuwadharau," nikaendelea. "Alfajiri ile nilikuwa nampikia yule mtoto wa Dindira. Sikukumbuka kwamba umeshakuwa mtu mzima mwenye nyumba yako na dini yako. Na siku ya harusi yako sikuwa na homa. Nisamehe."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso alikuwa anacheka, machozi yakimtoka, kiganja kikiwa mdomoni.

"Miaka tisa, dada," akasema. "Miaka tisa, halafu unaniletea kibudu."

Shemeji naye akashindwa kujizuia. "Shemeji, karibu ugali," akasema, "kisamvu kipo, nacho hakichinjwi." Tulikula ugali na kisamvu, na sijui kama nimewahi kula chakula kitamu kama kile. Jioni mdogo wangu alinisindikiza stendi, hotpoti akiwa ameibeba yeye. Nilipoweka mguu kwenye ngazi ya basi nikasema kwamba Krismasi nitakuwa na jogoo mwingine. Akanijibu kwamba watakuja, ila kisu nimwachie shemeji.

Jumapili ya nne niliulizwa kwenye jumuiya. Nilisema nimekwenda na nimepokelewa vizuri, basi. Habari ya jogoo niliiruka. Mimi ni mtu ninayeona vibaya kuchekwa, na wanawake wa Kilole wakipata jambo hawaliachi mpaka Pasaka.

Walikuja, wote watatu. Siku ya Krismasi nilichelewa kutoka kanisani kwa salamu za huyu na yule. Nilipoingia uani kwangu shemeji alikuwa ameshamaliza kazi yake na anaosha kisu. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama, ananyonyoa, na wanawake wa jumuiya wamemzunguka, wengine wamejishika mbavu. Alikuwa akiwasimulia habari ya jogoo, na amefika pale ninapofunga hotpoti kwa kitenge.

Aliponiona alikatiza. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa kando yake na kushika bawa moja. Nikamwambia aanze upya, maana mwanzo sikuusikia.