Saa za Kuchunga

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu na ndiye aliyenilea, alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na kikohozi, baiskeli na kopo la biskuti. Kikohozi alitugawia sote, baiskeli alimwazima kila aliyeomba, lakini kopo hakuruhusu mtu aliguse. Ndani yake mlikuwa na saa saba za mkono, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha flana. Alizinunua mojamoja kwa askari waliotoka vitani Burma, watu waliofika Geita kutafuta kazi wakiwa na saa nzuri na viatu vibovu.

Hakuvaa hata moja. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini hatuwapandi ng'ombe mgongoni kwenda kisimani.

"Hii ni mali," alisema. "Mali haichezewi. Hawa ni ng'ombe wasiokula majani wala kuugua sotoka, na bei yao inapanda kila mwaka. Siku utakapotaka kuoa, tutawatoa."

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, stoo, kugawa sepetu na karai. Mgodini saa haina kazi. King'ora kinakuamsha, kinakupeleka kazini, kinakupa ruhusa ya kula, kinakurudisha nyumbani. Ndiyo maana nilizitamani saa za baba mkubwa kuliko kitu chochote. Kitu unachokihitaji unakitumia tu, lakini usichokihitaji unaweza kukipenda kwa raha zako. Nilipenda ule mlio wao mdogo sikioni, na mshale mwembamba wa sekunde unaohangaika peke yake pale chini kama mtu aliyepoteza sindano.

Basi nikatafuta njia, nayo nikaipata zizini.

Kwetu Usukumani mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote mahali pamoja. Huwagawa kwa rafiki zake wa vijiji mbalimbali wamchungie, ili ugonjwa ukiingia huku, kule wabaki wengine. Anayechunga si mwenye mali, na siku yoyote mwenyewe anaweza kuja kumchukua ng'ombe wake. Ila maziwa ni ya mchungaji.

Jumapili moja, tukiwa tunakula, nikasema kama mtu anayewaza tu, "Baba, saa saba katika kopo moja. Nyumba hii ya nyasi ikishika moto?"

Akaacha kutafuna.

"Nikuchungie nne kule Mwadui," nikaendelea. "Nyumba za kule ni za bati."

"Na maziwa?" akauliza, macho yamemtoka.

"Maziwa ya saa ni kuivaa, baba. Yana nini zaidi?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na mama mkubwa akaja kumpiga mgongo. Alijua nimemtega, lakini nimemtega kwa mila yake mwenyewe, na mzee wa Kisukuma hawezi kuikana mila ya ng'ombe mbele ya mkewe. Akanitolea nne alizoziona duni. Tatu za rangi ya dhahabu zikabaki kwenye flana.

Nilizivaa bila aibu. Siku za kazi moja, Jumapili mbili, huku na huku. Wenzangu wakiniuliza saa ngapi, nami nawauliza wanataka ya mkono upi, kwa kuwa hazikuwahi kupatana. Niliyoipenda kupita zote ilikuwa na uso mweusi na tarakimu za kijani zinazong'aa gizani. Mchana nilijifungia kwenye kabati la magunia ili niione inavyong'aa, mpaka msimamizi wa stoo akanifungulia na kuniuliza kama ninaumwa. Nikasema naumwa kidogo.

Kila mwisho wa mwezi baba mkubwa alikuja kukagua mifugo. Nilizipanga juu ya kitanda, naye akazigeuza moja baada ya nyingine, akazisikiliza, akazipapasa migongo. Akiona mkwaruzo anauliza, "Huyu mbona amekonda?" Kisha ananywa chai na kurudi kwake.

Halafu moja ikafa. Nilikuwa nafua shati nikasahau kuivua, nayo ikanywa maji ya sabuni. Ng'ombe wa mtu akikufia, mila inajulikana: unampelekea mwenyewe ngozi, aone kwamba kweli amekufa na hukumuuza. Nikapanda lori hadi Shinyanga, nikatembea hadi nyumbani, nikapiga goti mbele yake, na kwa mikono miwili nikamkabidhi mkanda wa ile saa.

"Shikamoo, baba. Ng'ombe mmoja amekufa. Ngozi hii hapa."

Aliugeuza mkanda muda mrefu. Mama mkubwa alikuwa ameshakimbilia jikoni kucheka.

"Marahaba," akasema mwisho. "Na nyama?"

Nikatoa kiberiti mfukoni, ndani yake nimeweka vigurudumu na kamani. Akavisogeza kwa ncha ya kidole, akakunja uso.

"Maini umekula," akasema, na shauri likaishia hapo.

Kabla ya kufika kwake siku ile nilikuwa nimempitia fundi saa mmoja mjini, kujaribu kumfufua marehemu. Hakufufuka, lakini fundi aliniambia neno: saa isiyotembea mafuta yake huganda ndani, na ikikaa miaka bila kujazwa ufunguo, hufa bila kuonyesha dalili nje. Nilimwambia baba mkubwa. Akajibu kwamba fundi anatafuta kazi. Ningeweza kumbishia. Sikumbishia, na sababu yake haipendezi: zile tatu zikiendelea kuhesabiwa mali ya kuolea, hizi zangu tatu zitabaki mkononi mwangu. Nilinyamaza kwa faida yangu.

Nikapata mchumba. Alikuwa binti wa mfugaji wa kijiji cha pili, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Sijui alinipendea nini, maana tulipoonana mara ya kwanza kisimani aliniuliza, "Wewe umefungwa pingu mikono yote miwili?" Mimi najua nilimpendea swali hilo.

Baba yake alitaka ng'ombe kumi na watano. Sisi tulikuwa na kumi na wawili. Washenga wakaenda na kurudi, na kwa kuwa ilikuwa miaka ya pamba kuuzika na kila mtu mkubwa kijijini alianza kutamani saa, mzee akakubali kwamba watatu waliopungua wajazwe kwa saa tatu. Sharti lake ni moja: ziwe zinatembea. Asipopata kumi na watano, ndugu wa mama yake binti watakosa fungu lao, na kijana mwingine mwenye zizi zima alikuwa ameshatuma watu.

Siku ikafika. Asubuhi tukakaa uani kwake, wazee wa pande zote mbili, ng'ombe kumi na wawili wamesimama pembeni. Baba mkubwa akafungua kopo kwa heshima. Zile saa tatu ziliwaka juani, wazee wakaguna kwa kuridhika. Akaijaza ya kwanza, akampa mkwe. Mkwe akaiweka sikioni, akangoja, akaitikisa.

"Huyu amelala," akasema.

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ufunguo wenyewe uligoma kuzunguka. Baba mkubwa akazikusanya zote tatu kiganjani, akazisikiliza kwa zamu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama. Miaka kumi alikuwa tajiri wa saa tatu, na hakuna siku hata moja aliyozisikia zikilia. Nilimwonea huruma, nikaona haya, maana mimi nilijua.

"Hawa walikufa zamani," mkwe akasema bila hasira. Kisha akanyoosha kidole kwangu. "Na hizo?"

Nilikuwa nimezivaa zote tatu. Nilivua ya kwanza, nikavua ya pili. Mkwe akasikiliza, akatazama jua, akatikisa kichwa kukubali. Ya tatu ilikuwa ile ya uso mweusi. Nikaweka mkono kwenye mkanda, na mkono ukakaa hapo. Sijui ni kwa muda gani. Mzee mmoja alikohoa. Nikaivua, nikaitoa, na nikapewa mke.

Kumbe mke mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta wa mabua wa jikoni, anachungulia. Jambo la kwanza aliloniambia tukiwa wawili ni hili: "Ile ya tatu, ulisita."

Nilikana. Nimekana miaka yote tangu hapo, kila mara kwa maelezo mapya: mkanda ulikaza, jasho, jua la machoni. Anasikiliza yote hadi mwisho, kisha anasema, "Ulisita."

Baba mkubwa alivaa moja ya zile zilizokufa, ile iliyong'aa zaidi, na hakuivua tena. Ukimuuliza saa ngapi, anaitazama kwa makini na kukuuliza una haraka ya kwenda wapi. Kikohozi kilipomchukua alikuwa nayo mkononi. Sijawahi kumwona akifurahia mali yoyote kama alivyoifurahia ile isiyo na bei.

Mkwe naye alipofariki, kaka zake mke wangu waligawana ng'ombe. Yeye akaomba ile saa nyeusi tu. Walicheka, wakampa upesi kabla hajabadili mawazo. Alikuja nayo nyumbani mchana nikiwa nimekaa kibarazani, akaiweka kwenye mkono wangu, akafunga mkanda mwenyewe. Ilikuwa inatembea. Nikafungua mdomo nimshukuru.

"Sikupi," akasema. "Ni ya kwangu, wewe unachunga tu. Maziwa unywe. Ikifa nataka ngozi, nataka nyama, na maini usile. Na siku nikiitaka," akanikazia macho, "usisite."