Mafuta ya Zohali

Nikisikia harufu ya mafuta ya ufuta, magoti huniwasha.

Jirani yetu Mhindi, mzaliwa wa Unguja kama bibi, alipiga hesabu ya nyota yangu: nimo katika miaka kumi na tisa ya Zohali, sayari nzito, ndiyo maana kila nikipanda baiskeli naanguka.

"Mwashieni Zohali taa Jumamosi, apunguze uzito," akampa bibi chupa ya mafuta ya ufuta.

Bibi hawashii nyota taa, wala hatupi zawadi ya jirani. Akayamimina kwenye mnyororo wa baiskeli, ulioshika kutu.

Jumamosi nikafika mwisho wa mtaa wetu wa Mabela bila kuanguka!

"Zohali kakuachia, mwanangu!" Jirani akapiga vigelegele.

"Kamwachia kweli, shoga." Bibi akanikonyeza. "Tuletee chupa nyengine!"

Nikageuza, nikawapita tena, mikono yote miwili hewani.