Yowe Lililomtoa Aloisi Ndani

Asubuhi ile tuligombana kwa sababu ya ndizi. Mume wangu Aloisi alikuwa mtu wa Kilema, kule Kilimanjaro, na mtu wa Kilema ukimpa ndizi ya ugenini anaikagua kama anayenunua ng'ombe. Aliushika mkungu niliotoka nao sokoni, akaubonyeza, akaguna.

"Hizi si za mtori, mama Neema. Hizi wape mbuzi."

"Basi panda gari urudi Kilema ukachume," nilimjibu. "Wateja wako njiani na mimi sijamenya hata moja."

Alicheka, akachukua kisu, akaanza kumenya hizo hizo za mbuzi.

Tulikuwa na mgahawa mdogo Goma, huko Kongo, tukiwapikia madereva wa malori kutoka nyumbani. Wachaga mnatujua, palipo na biashara tupo. Mtaa tuliopanga uliitwa Majengo. Aloisi aliwaambia watu kwamba tumetoka Majengo ya Moshi tukaingia Majengo ya Goma, kwa hiyo hatujahama. Binti yetu Neema tulimwacha Kilema kwa bibi yake. Kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Siku ile madereva hawakuja. Mtori wetu wa ndizi na nyama ukapoa kwenye sufuria. Jioni tukasikia barabara ya kaskazini imefungwa, kesho yake ya magharibi nayo ikafungwa, na wapiganaji wakawa vilimani wanautazama mji. Umeme ukakatika. Maji yakafuata. Ziwa tulikuwa tunaliona pale chini, maji tele, na bado kiu ilitukaba koo kwa sababu njia ya kwenda ziwani ilikuwa inapigwa risasi. Sasa nakaa Shirimatunda, hapa Moshi, na nikifungua bomba huwa nasimama kidogo nayatazama maji yanavyotoka. Majirani wananiona nimechanganyikiwa. Waache waone hivyo.

Mwenye nyumba wetu, Mama Furaha, alikuwa mjane aliyekwisha kuona vita vingi. Alituingiza chumba chake cha katikati, akasimamisha magodoro dirishani, akatulaza sakafuni. Kisha akatupa masharti yake kwa Kiswahili cha kwao.

"Musisimame. Musiwashe moto inje. Na mukisikia mutu analia ku barabara, mulale. Musiende."

Aloisi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mtu analia, mimi nilale?"

"Ulale, baba Neema. Wenye bunduki wakinyamaza kabisa, ndio tutaenda kuona."

Hapo nikaogopa kweli, kuliko nilivyoziogopa bunduki, kwa sababu mume wangu nilikuwa namjua. Huku kwetu mlimani yowe likipigwa unaacha ulichoshika. Anayekamua anaacha ndoo, anayekula anaacha sahani. Unakimbia huku unaitikia "Nakuja!" ili mwenye shida ajue amesikiwa. Asiyetokea atasemwa mpaka wanawe waone aibu. Aloisi alikua hivyo tangu anatambaa. Watu wanasema alikuwa shujaa. Ushujaa gani, jamani? Yalikuwa malezi tu, kama kumwamkia mkubwa shikamoo.

Nilimwambia, "Niapie hutatoka."

"Lala, mama Neema," alisema. Hakuapa. Nikavichukua viatu vyake nikavificha chini ya beseni.

Siku zikaenda hivyo, sisi chini, mji unatetemeka juu yetu. Tulikunywa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa la kufulia. Kulikuwa na mchana mmoja ambao bunduki zilinyamaza ghafla, hata kuku wa jirani tukawasikia. Mama Furaha akasema tusiamini. Aloisi akaketi, akanyoosha mgongo, akaanza kunisimulia habari za mfereji wa kwao unaopita nyuma ya kahawa.

Ndipo yowe likapigwa.

La mwanamke. Refu, la kuita watu.

Aloisi alikuwa amekwisha kusimama.

Nilimdaka koti. Nilikamata kwa mikono yote miwili.

"Mulale!" Mama Furaha alisema.

Aloisi akachomoa mkono mmoja, akachomoa wa pili. Nikabaki na koti.

Alitoka pekupeku juu ya mawe makali ya mtaa ule. Nilimsikia akiitikia, kwa sauti ile ile ya Kilema, "Nakuja, mama! Nakuja!"

Nikakimbia mpaka kwenye geti la mbao. Mama Furaha akanidaka kiunoni, akaniangusha.

Risasi hazikuwa nyingi.

Yeleuwi, Mungu wangu. Niliendelea kulisikia lile yowe na sikuisikia tena sauti ya mume wangu.

Waliniambia baadaye kwamba sikulia. Nilirudi ndani, nikachukua kisu, nikamenya zile ndizi zilizobaki, zimeoza, moja moja mpaka zikaisha. Hilo silikumbuki. Nakumbuka harufu yake mikononi.

Jioni wanaume wa mtaani walimleta. Yule mwanamke naye alikuja, nguo zake zote damu, akapiga magoti mbele yangu. Mwanawe alipigwa akiteka maji. Alikuwa amekwisha kukata roho kabla mama yake hajafungua mdomo kulia. Nilitaka kumpiga yule mama. Nilitaka kumkumbatia. Nikasimama tu, mikono imening'inia.

Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, jembe likigonga linaruka. Tulimzika Aloisi kwenye kaburi la kina kifupi nyuma ya nyumba, tukamfunika kwa mawe. Njia ilipofunguliwa nikarudi nyumbani na lile koti.

Kilema walinipokea kwa kilio. Mama mkwe wangu hakulia mbele za watu. Walipotawanyika alinikalisha jikoni, karibu na moto. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kaburi, kwa nini mwanawe hakulala kihambani, kwenye migomba ya baba zake. Njia nzima nilikuwa napanga jibu.

"Alipokwenda kwa huyo mama," akauliza, "wengine walikuwa wangapi?"

"Hakukuwa na mwingine, mama. Kule hawatoki."

Akasukuma kuni ndani.

"Hapa wangetoka wote," akasema. "Mwanangu alijua wako nyuma yake."

Nilikuwa nimejiapiza kutomwambia mtu yeyote nilichokiona kwenye upenyo wa lile geti kabla sijaangushwa. Nikamwambia. Aloisi alipofika katikati ya barabara aligeuka, akapunga mkono, kama mtu anayewahimiza wenzake waongeze mwendo. Akaangalia upande wa juu, akaangalia upande wa chini. Barabara nzima ilikuwa tupu.