Nusu ya Pili

Ukitaka kugombana na Bi Tiketi, msifie mwigizaji wa siku hizi. Atakuambia hawa wanatafuna maneno kama wanaoumwa meno, na wakifa wanakufa ovyo. Waliojua kufa ni wale wa Hollywood ya zamani, enzi za filamu zisizo na rangi. Mfalme wao ni mmoja aliyempa jina la Kidevu, kwa sababu ya kile kishimo chake, ambaye mwishoni mwa filamu yake hupiga magoti kwenye kaburi la mkewe, kofia mkononi, mvua inamnyeshea. "Mwanamume anayelia vile," husema Bi Tiketi, "hana ubaya moyoni."

Lakini tuseme ukweli. Miaka yote ishirini na sita aliyouza tiketi za sinema, mama huyu hakuona filamu hata moja tangu mwanzo. Wachelewaji hawaishi. Alipofunga kidirisha chake, picha ilikuwa imeshafika nusu. Ndipo alipojipenyeza ukumbini akasimama nyuma, ukutani. Mwanzo aliubuni mwenyewe, na wala haukumpa tabu.

Mwezi uliopita alimzika mumewe, na binti yao wa pekee hakuja mazikoni. Hilo alishindwa kulisamehe. Baba aliyelea mtoto kila jioni mama akiwa kazini! Alikuwa akirudi anakuta vyombo vimeoshwa, mtoto amelala, mume anampokea mkoba mlangoni. Wanaume wa namna hiyo ni wangapi? Kweli asante ya punda ni mateke.

Jumapili binti akaja, kompyuta kwapani. "Nimekuletea Kidevu wako, mama. Leo tunaanza mwanzo."

Bi Tiketi alikuwa amemwekea maneno makali, lakini Kidevu ni Kidevu. Akakaa.

Kidevu alimfungia mkewe chumbani. Baadaye akamsukuma ngazini. Kisha akafuta damu, akanyoosha zulia, akawafungulia wageni mlango huku akitabasamu.

"Kumbe ndiye aliyemuua?"

"Ndiye."

"Sasa mbona alimlilia?"

"Baba naye alikuwa analia, mama. Akishamaliza kunipiga analia, ananiosha uso, anaosha vyombo, ananiambia nijifanye nimelala. Wewe ulikuwa unaingia hapo."

Bi Tiketi aliutazama mkono wa kushoto wa bintiye, ule usionyooka tangu akiwa na miaka tisa. Aliambiwa mtoto ameteleza bafuni, akaamini, tena akamshukuru mumewe kwa kumkimbiza hospitali.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia. Ukaniuliza, kama ni yeye aliyenivunja, mbona analia kiasi kile?"

Alikumbuka. Alikumbuka hata alivyolisema, kwa sauti ya mtu anayejua filamu.

Kwenye kompyuta muziki ulibadilika, mawingu yakatanda. Picha ilikuwa imefika pale alipozoea kuingilia. Bi Tiketi akainuka, akatoka nje.